Limao Lililofika Jioni

Soweto, Mbeya
Jioni, kabla hujarudi kutoka kwa shangazi yako

Sekela mwanangu,

Kaa kwanza. Wewe barua unazisoma umesimama, mguu mmoja uko mlangoni. Hii kaa uisome yote, maana mkono wangu mzito na sijawahi kujaza karatasi nyingi namna hii. Darasa nililipata ukubwani, unajua, lakini hata mwalimu wetu alikubali kwamba mimi nikianza neno nalimaliza.

Habari za nauli, za soksi nzito, za kufunga dirisha, za kutoacha kwenda kanisani, mama yako amekuambia wiki nzima na mimi sirudii. Nina habari moja tu, na ni kubwa, na hapa ninapoandika nashindwa kukaa vizuri kwenye kiti. Imefika jioni. Ile pafyumu yako ya limao na chenza, ile unayoiogopa, imefika jioni, na nimeifikisha mimi.

Ngoja nianze mwanzo.

Jana nilikuwa nyuma ya jiko napiga viatu rangi. Mkadhani nimetoka. Nikakusikia unamwambia mama yako kwamba machungwa hayakai, kwamba mama wa duka ataivaa asubuhi na mchana itakuwa imekwisha, atakurudishia boksi lako mbele ya watu. Mama yako akasema basi mpelekee ile ya udi, udi haujamwangusha mtu. Wewe hukumbishia. Halafu nikasikia boksi linafunguliwa na vichupa vinagongana.

Sikulala vizuri kwa sababu ya mlio wa vile vichupa.

Huyo Mama Neema wa Kihesa, huko Iringa unakokwenda kesho, alikuambia nini kwenye simu? Si ulituwekea sauti wote tukasikia? Alisema dukani kwake watu wote wanamletea za kwendea harusini, nzito, za usiku, mtu akiingia nayo ofisini wenzake wanafungua madirisha. Yeye anatafuta ya mchana. Ya mwalimu, ya nesi, ya mtu anayekaa na watu tangu asubuhi, ichangamshe na isiumize kichwa, na ikae. Akasema ataivaa mwenyewe siku moja, kuanzia kufungua duka mpaka kufunga. Ikifika, unapata kabati la kioo pale mbele na chumba cha nyuma cha kuchanganyia. Isipofika, asante, rudi kwenu, hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Mwanamke kama huyo anakuambia anachotaka kwa mdomo wake, halafu wewe unataka umpelekee udi, mafuta ya kununua ambayo kila mtu anachanganya, kwa sababu umeogopa.

Kwa hiyo leo asubuhi ulipotoka kwenda kuaga nilifungua boksi lako nikachukua kichupa kimoja. Ndiyo, nimeiba. Nikasema siku ya Mama Neema naivaa mimi kwanza.

Na nani mwingine angeifanya kazi hiyo? Pua hii unaijua. Miaka yangu yote kule Ubaruku, kwenye mashine za kukoboa mpunga, hapakuwa na fundi mwenye pua kama ya kwangu. Mpunga wenye unyevu nilikuwa naujua gunia halijafunguliwa. Mkanda wa mashine ukitaka kuungua mimi nazima, wenzangu wananicheka, halafu wanaugusa na wanarusha mikono. Tajiri alikuwa akiwaambia wageni kwamba pua ya huyu Mnyakyusa ni mali ya mashine. Mshahara hakuniongezea, lakini alisema.

Basi nikaoga, nikajipaka mafuta ya mgando shingoni na kwenye vifundo vya mikono, kama unavyowaelekeza wateja wako, kwa sababu baridi ya kwetu inakausha ngozi, na ngozi kavu inakunywa pafyumu kama udongo wa kiangazi. Nikapuliza kidogo, pale pale penye mafuta. Sweta langu la kijani nililivaa, ila sikulipulizia. Nguo inashika harufu kuliko ngozi, na mimi sikutaka kushinda kwa hila. Kichupa nikakitia mfukoni, na hapo ndipo nilipokosea, lakini tutafika.

Ilivyonipiga, Sekela, nilicheka peke yangu kama mwehu. Ni kama mtu amepasua chenza karibu na uso wako, yale maji ya ganda yakakurukia. Halafu limao likaja nyuma yake, kali, safi. Halafu kama jani la mlimao ukilisugua kiganjani. Jua lilikuwa bado halijafika uani, na mimi nikaona kama kumeshakucha kabisa.

Kwenye chai mama yako akageuka huku na huku. Akauliza nani anamenya chenza asubuhi yote hii. Nikanywa chai. Akainama akatazama chini ya meza kama kuna maganda. Mimi huyo, kofia kichwani, nikatoka kabla sijapasuka kwa kicheko.

Nikaenda kwa Ambakisye, mshona viatu, pale karibu na soko. Unamjua, hatujawahi kukubaliana jambo hata moja, ndiyo maana urafiki wetu haukatiki. Nikasema gundi yake ya viatu ndiyo mtihani wenyewe, kitu kikipona pale kitapona popote. Hata sijakaa, akanusa, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza ndizi:

"Baba Sekela, leo nyumbani kwako vyombo umeosha wewe?"

Walicheka wote. Na mimi iliniuma, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Limao watu wamelizoea kwenye sabuni. Nikamwambia subiri, sabuni ikikauka imekwisha, tuone hii. Nikakaa naye kwenye gundi yake. Nikawa namuuliza kama bado anasikia. Anagonga soli, namuuliza. Anakata ngozi, namuuliza. Mwisho akaweka nyundo chini, akasema, "Ukiniuliza tena nitakushona mdomo, na uzi ninao."

Nikanyamaza kwa hasira. Jua likapanda. Akaja mwalimu mmoja, binti mdogo wa rika lako, kufuata viatu vyake. Alisimama pale akijaribu kiatu, akasita. Akamuuliza Ambakisye amejipaka nini leo, maana banda lake siku zote linanuka gundi na leo pananukia kama kuna bustani. Nilitaka kurukia. Nikajizuia. Na Ambakisye, yule yule wa vyombo, akanyoosha mgongo, akasema ni huyu mzee, binti yetu anaitengeneza mwenyewe, kesho anaipeleka Iringa. Binti yetu, alisema. Mwalimu akauliza inauzwa wapi.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa nauliza, sikupata kitu. Nilipofunga mdomo, imejisemea yenyewe. Ukifika kwa Mama Neema usimfuate nyuma kama nilivyomfuata Ambakisye. Mpulizie, mwache afanye kazi yake, kaa mbali. Najua itakuwa ngumu, maana wewe ni damu yangu.

Lakini habari ya mchana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Nilibeba mfuko wa viazi vya mama yako kupanda nao huku kwetu. Ningeweza kumpa kijana wa bodaboda. Sikutaka, nilitaka jasho. Kwa umri wangu huu niliubeba begani bila kupumzika, majirani wataniambia nilivyopita. Basi, nilipofika penye ule mti wa mkaratusi nikatua, nikainua kola ninuse. Hakuna. Nikanusa mkono. Hakuna. Pua hii, Sekela, ile ya Ubaruku, haikusikia hata kidogo.  Nikaona Mama Neema anakurudishia boksi. Nikaona unarudi na begi, unapita pale pale nilipokaa, unajifanya unacheka.

Na kichupa kiko mfukoni. Nikakishika. Nikasema nani ataniona? Napuliza kidogo tu, nakwenda nayo jioni, namwambia mtoto imefika, anaondoka na moyo mzuri. Kidole kilikuwa kimeshakaa pale juu.

Ndipo nikakumbuka koti.

Najua hadithi ya koti umeichoka, nimeisimulia kwenye kila harusi. Lakini kuna kipande chake huwa nakiruka kwa sababu hakichekeshi, na leo nakupa.

Nilipotaka kwenda kumposa mama yako Kihesa, sikuwa na pesa ya pafyumu. Mwenzangu mmoja mashineni akanifundisha kuchemsha maganda ya malimao na mchaichai mwingi ndani ya mafuta. Nikapika kopo zima. Siku ya safari nikajipaka shingoni. Baada ya muda kidogo nikajinusa, sikusikia kitu, nikaona imekwisha. Nikaongeza. Nikajinusa tena, hakuna, nikaongeza kwenye nywele. Tulipanda lori la mchele mimi na baba yangu mdogo, na njia nzima najipaka, kola, kwapa, bitana ya koti, mpaka soksi. Baba mdogo alikaa upande wa upepo na hakuniambia neno. Kumbe haikuwa imekwisha hata mara moja. Pua ndiyo ilikuwa imezoea.

Na babu yako mzaa mama alikuwa mtu wa nyuki. Kihesa wakati ule ilikuwa bado na mashamba nyuma ya nyumba, na mizinga yake ilining'inia mitini. Nani aliniambia kwamba watu wa nyuki wakitundika mzinga mpya wanausugua mchaichai ndani ili kuita kundi? Hakuna. Baba mdogo ameanza tu kueleza kilichotuleta, nyuki mmoja akatua kwenye kola yangu. Akaja wa pili. Halafu nikasikia mvumo kama mashine ya Ubaruku inawashwa. Babu yako hakusimama. Alinitazama nilivyofunikwa, akasema:

"Kijana, umekuja kuoa au umekuja kuwa mzinga?"

Sikukimbia. Hilo nalisema kila mahali na ni kweli, mama yako alikuwa amesimama mlango wa jikoni na nisingekimbia hata wangekuwa simba. Mdomo ulivimba mpaka sikuweza kutaja jina langu. Babu akanivua koti polepole, akalitundika mtini, kundi lote likahamia huko. Tukaondoka bila jibu na bila koti, na nilirudi Ubaruku na shati tu kwenye ule upepo wa Makambako.

Hapo watu wanacheka na mimi naacha. Kipande ninachoruka ni hiki. Nilirudi Ubaruku nikaamua kwamba basi, sirudi tena Kihesa. Aibu ilikuwa kubwa. Ningemwacha mama yako hivi hivi, kwa sababu ya kopo la mafuta. Kilichonirudisha ni koti. Lilikuwa koti langu pekee na baridi ilikuwa inakuja. Nikajiambia nakwenda kuchukua koti tu, sizungumzi na mtu. Babu akalitoa ndani. Nyuki walikuwa wameshaanza kujenga, kola imeganda nta, na kwenye ile nta limao lilikuwa lingali linanukia kama la jana, baada ya muda wote ule. Akanikabidhi, akasema nyuki wake wamenikubali kabla yake, sasa yeye afanyeje. Baba mdogo ndiye aliyekuja baadaye kumalizia mazungumzo. Mimi siku ile nilisimama tu na koti mkononi, nanusa kola.

Kwa hiyo pale chini ya mkaratusi, kidole juu ya kichupa, nikajiuliza: mzee, imekwisha, au umezoea?

Mwanangu, makosa yangu mengi yametoka hapo. Si ya pafyumu tu. Kila kitu kizuri nilichokuwa nacho, nilipoacha kukisikia nikadhani kimekwisha, nikaongeza. Nikaongeza sauti, nikaongeza sifa, nikaongeza maneno juu ya maneno. Nilifikiri watu hawajasikia, kumbe mimi tu ndiye niliyekuwa nimezoea. Wewe una kitu kizuri. Umeishi nacho chumbani kwako miezi yote hii, umekinusa asubuhi na jioni mpaka pua yako imechoka, na sasa unasema hakikai. Usijiulize wewe. Waulize wanaokutana nacho mara ya kwanza.

Nilifungua mfuko wa viazi, nikakisukuma kichupa mpaka chini kabisa, ili nikishawishika tena nilazimike kumwaga viazi vyote barabarani. Nikabeba, nikaendelea.

Jioni nilimkuta mama yako uani anachambua mchele. Nikavuta kigoda nikakaa karibu. Ya pafyumu sikuyataja. Nilimwonyesha mawe ya mchele, nilimweleza bei ya viazi. Akachambua. Akaacha kuchambua. Akainua uso, akainama mpaka shingoni kwangu, mbele ya watu wote wa uani, kitu ambacho hajakifanya tangu wewe hujazaliwa. Akakaa hapo kidogo. Halafu akaniuliza:

"Hii si ile ya koti?"

Nikamwambia ni ya mtoto, nimejipaka asubuhi, ndiyo ile chenza aliyoitafuta chini ya meza. Hakuamini. Akanishika mkono akanusa na kifundo. Jasho, gundi, viazi, moshi wa soko, vyote vimepita, na chini yake limao bado liko, limetulia, si kali kama asubuhi, tamu kidogo, kama ganda lililokaa juani. Akarudi kwenye mchele wake. Akasema, "Mwambie aache udi." Basi. Unamjua mama yako, huyo Mhehe akisema hivyo ameshahubiri.

Mimi nikamwaga viazi, nikakitoa kichupa, nikakirudisha kwenye boksi lako. 

Na sasa jambo la nta. Mwaka jana uliniuliza kama kola ilikuwa na nta au asali. Nikacheka, nikakuambia nta, kula chakula. Baadaye mjomba wako akakuletea nta kutoka mizinga ya Kihesa, ukailoweka kwenye spiriti, ukaichuja kwa kitambaa, nyumba nzima ikanuka kama sega, na mimi nikanung'unika kwamba nani atanunua pafyumu ya nta. Leo ndiyo nimeelewa. Hadithi ile nimewasimulia watu wangapi? Wote walisikia nyuki. Wewe peke yako ulisikia kwamba ile nta ilishika limao lisiondoke. Kwa hiyo ukimweleza Mama Neema, mwambie siri imetoka kwenye koti la baba yako, hilo ni haki yangu na sitaki ubishi. Lakini aliyeisikia ni wewe.

Nitakuambia na hili ndipo nimalize. Baada ya mama yako kusema vile, niliingia chumbani kwako nikaitoa ile ya udi kwenye begi, nikaificha chini ya kitanda changu. Nikasema kesho akifika Iringa ataikosa, atalazimika. Nikatembea mpaka mlangoni. Halafu nikaona nimeshika kopo la mafuta tena, nachukua kitu kinachojitosheleza na mimi naongeza mkono wangu. Nimeirudisha. Iko pale pale, upande wa viatu. Utachagua mwenyewe dukani, na mimi sitakupigia kukuuliza. Ambakisye ameahidi kunishona.

Juu ya begi lako nimeweka sweta la kijani, na barua hii iko mfukoni mwake. Sijalipulizia hata tone, nakuapia. Limechukua kwangu lenyewe, mchana kutwa. Usilinuse sasa, pua yako bado imechoka na vichupa vyako. Kesho asubuhi, ukishanawa uso, kabla hujashika kitu chochote, inua kola yake. Halafu ndipo ufunge begi.

Nenda nalo, asubuhi za Iringa zina upepo. Wasalimie wa Kihesa kwa Kihehe, waambie kamwene, waambie mzinga bado unatembea. Ila sweta hilo ni la kwangu na ninalipenda. Usimpe mtu wa kuja nalo. Utalirudisha mwenyewe.

Baba yako,
mwenye pua